Magauni Yenye Kinundu

Kahambu alivuka mpaka kutoka Kongo na kuingia mji wa Bwera mwaka 1964, vita vilipofika Butembo. Alikuja na bintiye Wivine mgongoni na cherehani ya mkono kichwani. Mumewe, Philippe, alibaki nyuma kufunga nyumba, hakuonekana tena. Ushonaji alifundishwa na masista, na Bwera ilimjua kwa kazi hiyo: sare za shule, mabusuti ya harusi, yale magauni marefu ya wanawake wa huko, viraka vya suruali.

Mwaka 1977, mwalimu mmoja wa Kasese, Erina, alimjia na picha iliyokatwa kwenye kitabu cha zamani. Kanisa lao la Kiprotestanti lilikuwa likijiandaa kutimiza miaka mia moja nchini, na wanafunzi wake wangeigiza siku wamisionari wa kwanza walipoagwa bandarini kwao Ulaya. Wanawake katika picha walibanwa tumboni, lakini nyuma walijaa kana kwamba kila mmoja amebeba mtoto ndani ya nguo.

"Mama Wivine, utaweza?"

Kahambu aliitazama picha kwa muda mrefu. "Mwalimu, hii matako iko ya mutu ao iko ya nguo?"

Erina alicheka hadi akakaa chini. "Ya nguo."

"Basi nitashona."

Vitambaa vilikuwa haba madukani, kwa hiyo Erina alileta mapazia makuukuu. Kahambu akakata, akapiga marinda, lakini nyuma nguo ililala tu. Sufi haikupatikana, na matambara yalikuwa mazito mno. Mwishowe akaenda kwenye mashine ya kukoboa kahawa, akaomba makapi. Alishona mito midogo mitano ya kufungwa kiunoni kwa nyuma, akaijaza makapi makavu. Hapo kinundu kikasimama. Wivine alivaa gauni moja akatembea uani, majirani wakacheka hadi machozi. Kahambu hakucheka. Alikuwa akitazama marinda yanavyoteremka, na moyo wake ulikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu Butembo.

Siku hizo kahawa ilivushwa kwa magendo kwenda Kongo, na aliyekamatwa nayo angeweza kuuawa. Kahambu alilijua hilo. Lakini makapi ni takataka, watu huyamwaga migombani. Hakuwaza kwamba yangeweza kumdhuru.

Mwezi wa tano alipanda lori kwenda Kasese, magauni yote matano ndani ya gunia. Walipopita Kisinga wakasimamishwa kwenye kizuizi. Askari alitia mkono guniani, akaminya, akanusa vidole.

"Hii nini?"

"Nguo ya mchezo ya kanisa, afande."

"Nauliza ndani! Ndani iko nini?"

"Iko makapi tu, afande. Maganda."

Askari alipasua mto kwa kisu. Makapi yakamwagika barabarani, na harufu ya kahawa ikapanda. "Mkongomani, kahawa, na matako ya uongo!" aliwaambia wenzake. "Shuka! Haraka!"

Walimpeleka kambini, wakampiga nyayo, wakamuuliza nani amemtuma. Siku ya pili akalitaja jina la Erina, akiamini kwamba mwalimu angeeleza na mambo yangekwisha.

Erina aliletwa mchana. Msimu huo watu wa kanisa walikuwa wakichukuliwa na askari majumbani. Ndugu yake mwenyewe alikuwa amechukuliwa miezi miwili kabla, wala hakuna aliyejua yuko wapi. Alisimama mlangoni, akamwona Kahambu sakafuni, miguu imevimba.

"Unamjua huyu?" afande mkuu wa kambi aliuliza.

"Nimemwona sokoni Bwera. Simjui."

"Hukumpa kazi ya kushona?"

"Hapana, afande."

Kahambu aliinua uso. Picha ilikuwa nyumbani kwake, na nyuma ya picha hiyo Erina alikuwa ameandika vipimo kwa mkono wake. Angeweza kusema. Aliona kwamba akisema, sakafuni watakuwa wawili. Akainamisha uso.

Aliyemtoa ni Amony, mke wa polisi mmoja aliyeishi pale kambini, ambaye aliitwa afagie makapi ya mito iliyopasuliwa. Aliyapepeta kwenye ungo mbele ya afande. "Tazama mwenyewe, afande. Punje hata moja hakuna." Afande akapekua ungo kwa vidole, asipate kitu. Kisha akataka kuona nguo hiyo inavaliwaje. Kahambu akavalishwa gauni lililobaki na mto mzima, akatembezwa uwanjani kwa miguu ile, askari wakipiga makofi. Siku ya nne wakamwachilia. Magauni hayakurudishwa.

Wanafunzi waliigiza wakiwa wamevaa mabusuti ya mama zao.

Baada ya sikukuu ya kanisa Erina alifika Bwera na kilo ya sukari. Hakuketi hadi alipoambiwa.

"Mama Wivine, nilikukana."

"Nilisikia."

"Nina watoto wanne. Niliwaza kwamba..."

"Mwalimu, najua ulichowaza." Kahambu alimmiminia chai. "Mimi pia nilitaja jina yako. Sikujua kama nitakuletea kifo ao hapana. Nilitaka tu waache miguu yangu."

Erina alianza kulia. Kahambu hakumnyamazisha wala hakumgusa. Wivine, ambaye sasa ndiye aliyekuwa akizungusha cherehani, alisimamisha gurudumu, mama yake akamwashiria aendelee. Sare za shule zilitakiwa Jumatatu.

Wanawake hao wawili walikunywa chai hadi ikaisha. Erina hakuja tena, na Kahambu hakumngojea.