Chachu Isiyo na Mwenyewe

Mama yangu alinipa chachu yake mara moja tu, na mimi nikaandika kwenye kadi ya serikali kwamba haina mwenyewe. Nimeshazeeka sasa. Nimefanya mabaya mengine, na mengi yake nimeyasahau. Hili limekataa kusahaulika. Nalikumbuka nikinyoa ndevu, nalikumbuka nikiwa kwenye swala, pale ambapo sitakiwi kukumbuka kitu, na kila likinijia uso unaniwaka.

Zilikuwa zama za Mwingereza, miaka yake ya mwisho mwisho, nami nilikuwa msaidizi wa maabara katika kituo kidogo cha kilimo karibu na Kibiti. Maabara ni neno kubwa. Kilikuwa chumba kimoja cha bati chenye meza, darubini na taa ya spiriti, na kazi yangu ilikuwa kuosha vioo na kubandika namba kwenye chupa za udongo. Lakini nilipewa koti jeupe. Nililivaa hata nikienda sokoni kununua nyanya, jambo ambalo halikuwa na sababu yoyote ila majivuno.

Siku moja bwana mkubwa wa kituo akaniita, akaniambia nimechaguliwa kwenda mafunzoni miezi mitatu, katika maabara kubwa ya nyanda za juu za nchi jirani. Watakuja watu wa Uganda, Sudani, Nyasa, Morisi na Unguja. Tutafundishwa kutunza vijidudu, vile viumbe visivyoonekana kwa macho ambavyo vingine huozesha mpunga shambani na vingine huumua mikate. Tutajifunza kuvifuga ndani ya vioo mwaka hadi mwaka bila kufa, na kutunza habari zake kwa maandishi. Kila mwanafunzi aje na kitu kimoja cha kwao chenye vijidudu ndani yake, kitu ambacho watu wanakitumia.

Sikuhitaji kufikiri. Mama alikuwa akikaa Salale, kule kwenye mikoko, na mikate yake ya kumimina ilisifiwa hata na watu ambao hawakumpenda. Nikapanda mtumbwi kwenda kwake.

Chachu yake ilikaa ndani ya kijungu cheusi kilichofunikwa kitambaa. Hakuimaliza hata siku moja. Kila akichukua ya kukorogea unga wa mchele na tui, alibakiza kidogo, akakilisha kijungu unga na maji, ikalala, na asubuhi ikawa inatoa mapovu tena. Asili yake, tusifichane, ni tembo la mnazi, pombe ya kugema. Bibi mmoja wa zamani alichanganya tembo na unga, na tangu hapo hakuna aliyetia tembo tena. Mama alikuwa mtu wa swala tano na jambo hilo halikumnyima usingizi. "Imeshakuwa mkate siku nyingi hiyo," alikuwa akisema.

Wanawake wa pale walikuwa na desturi yao. Chachu haikutolewa kimya kimya. Anayetoa alimtaja aliyempa, na aliyempa huyo, na aliyempa yule, hadi mwisho wa anachokijua. Na anayepokea hakuruhusiwa kuinua chombo chake mpaka ayarudie majina yote bila kukosea. Akikosea alianza upya, na wenzake walimcheka bila huruma. Wanaume hatukuhusika kabisa. Lakini siku ile mama alinikalisha kibarazani, akanitajia majina sita: lake, la mama yake, la mamkwe wa mama yake, na kuendelea mpaka kwa yule bibi wa tembo. Nilikosea mara mbili. Mara ya tatu nikapatia, akapiga kigelegele kidogo cha mzaha.

"Nimekupa chachu, nimekupa na wenyewe," akaniambia. "Wakikuuliza huko, wataje."

Nikamweleza kazi ya Wazungu hao: kwamba wataitunza chachu yake kabatini, na siku yoyote akipoteza ya kwake, watamrudishia ileile.

"Hata kijungu kikivunjika?"

"Hata kikivunjika, mama."

"Basi hao wana akili," akasema, akanijazia chupa ya jamu na kunifundisha kuilisha kila asubuhi.

Niliilisha njia nzima, kwenye lori na kwenye treni, na ikafika ikiwa hai. Kuhusu hilo sina la kujilaumu.

Siku ya kwanza tulipokaa kula chakula cha mchana, Mwunguja mmoja, kijana mtanashati mwenye shati la pasi na ulimi mwepesi, akaniuliza natoka wapi. Nikamjibu Rufiji.

"Rufiji ya mamba?" akasema. "Mashaallah! Na vidole vyote kumi umefika navyo?"

Meza nzima ikacheka. Ulikuwa utani tu, wa aina ambayo watu wa pwani tunarushiana kila siku, na mtu mwenye akili angeujibu kwa utani. Mimi nikaona haya. Nikasema, a-a, mimi hasa ni wa Kibiti, pale barabarani, na baba yangu ni mfanyabiashara. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mkata boriti za mikoko, na alikufa hana hata viatu. Nilimkana kati ya wali na mchuzi, kisha nikaendelea kula.

Mwalimu wetu alikuwa bibi wa Kiingereza, mwembamba, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya moto. Alitufundisha kuunguza waya kwenye taa mpaka uwe mwekundu, kuupoza, kugusa chachu kidogo tu na kuichora juu ya uji mgumu, ambao ndio chakula chake, ndani ya kioo, kisha kuziba kwa pamba. Baada ya siku mbili chachu ya mama ikaota juu ya uji ule, nyeupe, safi, inang'aa. Nilifurahi sana, ila kwa siri.

Lakini vioo vilichukua wiki chache tu. Muda mwingi bibi yule aliutumia kwenye kadi. Kila kioo na kadi yake: namba, kitu chenyewe, kimetoka mahali gani, asili yake nini, nani aliyekitoa na anakitumia vipi. Alisema kioo kisicho na kadi ni uchafu tu ndani ya kioo. Alitueleza kwamba tunatunza kwa niaba ya watu, na kwamba siku mwenyewe akija kudai chake, kadi ndiyo itakayomtambua. Ni yaleyale niliyokuwa nimemwambia mama, na yaleyale ambayo wanawake wa Salale waliyajua bila kwenda mafunzoni.

Tukaambiwa kila mmoja aandike kadi yake na kuisoma mbele ya wenzake.

Nilikaa na kalamu mkononi. Nikiandika Salale, Mwunguja atauliza imekuwaje mtoto wa mfanyabiashara wa Kibiti atoe chachu kwenye mikoko. Nikiandika asili yake ni tembo, nitaisoma vipi mbele ya Mwislamu wa Sudani na Mwislamu wa Unguja? Watasema mama yake huyu anauzia watu mikate ya pombe. Nikaandika: mahali, sokoni Kibiti. Asili, haijulikani. Mtoaji, hajulikani.

Nikasimama nikasoma. Mwalimu akavua miwani.

"Huna hata jina moja?"

"Niliinunua, madam," nikasema. "Muuzaji alikuwa mwanamke tu."

Mwanamke tu. Nilitamka hivyo kwa kinywa hiki hiki. Aliyenifuata alikuwa yule Mwunguja. Akasimama na shati lake la pasi, akasoma kadi yake kwa sauti ya juu: hamira ya nyumbani, asili yake tembo la mnazi, mtoaji mama yangu mzazi. Akataja na jina la mama yake, na mtaa, na nyumba. Hakuna aliyecheka. Yule wa Sudani akainamisha kichwa kwa heshima. Nikaigeuza kadi yangu kifudifudi juu ya meza.

Hapo ningeweza bado kurekebisha. Kadi ilikuwa ya penseli, mwalimu mwenyewe alitaka tuandike kwa penseli kwa sababu hiyo. Kila siku nilisema kesho.

Wiki ya mwisho zamu ya kushika rejista ilikuwa yangu. Vioo vilikuwa vimezidi. Kila kimoja kilitaka kuhamishiwa chakula kipya kila baada ya wiki chache, na mikono haikutosha, kwa hiyo mwalimu akaagiza vipunguzwe, na vya kwanza kutoka viwe visivyo na habari. Nikapitia kadi moja moja na kumpelekea vioo vya kuteketezwa. Cha mama kilikuwa miongoni mwavyo. Akakiinua kwenye mwanga.

"Huyu anasikitisha," akasema. "Tulipojaribu unga, aliumua vizuri kuliko wote. Lakini hatuwezi kumtunza mtu tusiyejua katoka wapi. Kama umekumbuka lolote, niambie sasa."

Alinitazama, akasubiri. Yule Mwunguja alikuwa kwenye karai anaosha vioo, naye akaacha kuosha. Majina sita yalikuwa tayari mdomoni mwangu. Kuyatoa kulikuwa ni kusema kwamba nilidanganya kuhusu chachu, na kuhusu Kibiti, na kuhusu baba. Nikaona ni bora chachu ife kuliko mimi niaibike.

"Hapana, madam."

Nikakitia kioo kwenye chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu, na ile chupa ya jamu pia, ambayo ilikuwa imeota ukungu kwa kuwa niliacha kuilisha. Nikafunga kifuniko, nikakaza nati moja moja, nikawasha moto. Nikasimama pale nikiangalia mshale wa mvuke unavyopanda, maana ndivyo tulivyofundishwa.

Niliporudi, nilikuta masika yamefanya kazi yake. Mto ulikuwa umepanda, Salale imeingiwa na maji, na mama amehamia Bungu kwa mdogo wake, nyumba ya pili kutoka barabarani. Nikashuka kwenye lori na cheti changu kwenye bahasha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, babaangu. Umekonda. Hawakukulisha hao?" Hakungoja jibu. Akanishika mkono mpaka uani, na pale juani palikuwa na kijungu kipya, kimeshaoshwa, kimeshafukizwa. "Kile kimekwenda na maji. Na wote niliowagawia, na wao vyao vimekwenda. Wenzangu walilia, mimi sikulia hata tone. Nikawaambia, mwanangu kaniwekea ya kwangu kwa Wazungu. Haya, ilete."

Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yake, anatabasamu, naye anangoja.

"Imekufa, mama," nikasema. "Njiani."

Akatazama bahasha yangu, akatazama kijungu. "Na kule kabatini kwao?"

"Nako imekufa."

Akakaa juu ya kigoda. Nilitaka anitukane. Kwa muda mrefu alifuta mdomo wa kijungu kwa ncha ya kanga, ingawa kilikuwa kikavu, kisha akasema, "Pole, mwanangu. Na ulivyoihangaikia." Akanipa pole mimi. Nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya nanawa uso, na nikakaa huko hadi mama mdogo aliponiita nile.

Kesho yake nilikwenda Kibiti, kwenye duka la Mhindi mmoja, nikanunua hamira ya kopo, nikampelekea. Akainusa, akapiga chafya. Mikate ya siku za kwanza ilivimba upesi ikanywea, na abiria wa malori waliirudisha. Mama hakukata tamaa. Aliilisha, akaibakiza, akaionja, akaimwaga nusu, akaanza tena, na baada ya wiki kadhaa ikaanza kumtii. Haikuwa ile, na wala hakusema ni ile.

Siku moja akaja jirani wa pale Bungu na bakuli, anaomba chachu. Mama akachota, kisha akasita na kuniita nitoke ndani.

"Hebu nambie, hii wewe ulipewa na nani?"

"Dukani, mama."

"Dukani si mtu."

Hapo ndipo ningemwambia, na sikumwambia, wala sikumwambia siku yoyote nyingine hadi tulipomzika.

"Basi itaanzia kwako," akasema.

Akamgeukia yule jirani, akataja jina lake mwenyewe, kisha akataja langu. Yule mwanamke akayarudia majina yetu mawili mara moja tu, bila kukosea, akabaki na bakuli mkononi akingoja mengine. Midomo ya mama ikacheza kidogo, kwa mazoea, ikitaka kuendelea.

"Chukua, mwanangu," akamwambia. "Ni hao tu."