Chenga za Chini ya Bahari

Badria hakupata kuambiwa na mtu yeyote kwamba hajui kuchagua. Mengine aliambiwa. Aliambiwa ana ulimi, ana kiburi, na kwamba marehemu mumewe alikufa mapema ili apumzike. Hayo watu wa Mombasa waliyasema, na yeye akawajibu mmoja mmoja mpaka wakanyamaza. Lakini mchele uliopita mikononi mwake haukumvunja mtu jino. Harusi ikiwa kubwa aliitwa Badria kwanza, mpishi baadaye. Alikaa mkekani na ungo mapajani, akapeta, akachagua: jiwe huku, pumba kule, chenga, zile punje zilizovunjika, pembeni kwenye bakuli lake. Punje nzima, ndefu, nyeupe, ndizo zilizokwenda kwenye sufuria ya wageni. Kumwekea mgeni chenga, kwa Badria, ilikuwa sawa na kumtukania mama.

Sasa mtu kama huyo uje umwambie hajui anachokiangalia. Na anayesema si adui, ni Haitham, mtoto wa mdogo wake, aliyelelewa mgongoni kwake tangu mama yake afariki. Badria ndiye aliyemsukuma shule akilia, ndiye aliyemfuata Houston alipopata chuo, kwa kuwa alisikia mtoto anakula mkate mkavu asubuhi na jioni. Huko Houston akafanya kazi ya kuwatunza wazee wa Kimarekani, kuwaogesha, kuwavisha, kuwageuza kitandani, mpaka mgongo wake mwenyewe ukakataa. Akabaki mtaani kwake Sharpstown, ghorofa ya chini, anatazama televisheni na kugombana na kiyoyozi.

Hapo ndipo Haitham alipokuja na kazi.

"Mamkubwa, ni kazi ya kukaa," alimwambia. "Yataka jicho na subira."

"Jicho ninalo," akasema Badria. "Hiyo subira tutaona."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna meli ilikwenda bahari ya Atlantiki, ikakita bomba refu kwenye sakafu ya bahari, ikachomoa tope kama mtu anavyochomoa uboho kwenye mfupa. Tope la juu ni la karibuni. La chini ni la zamani, kabla mtu hajajua kujenga nyumba. Haitham alilikata vipande vipande, kila kipande na zama zake, akaviosha kwenye chekeche, akavikausha. Kinachobaki ukikitazama kwa macho ni mchanga. Ukikitazama kwenye hadubini, kile kioo cha kukuzia, subhanallah, si mchanga wote. Mna makombe humo, madogo kuliko chembe ya sukari, yamegandana vyumba vyumba kama bisi, meupe, mazuri.

Haitham alimketisha kwenye maabara ya mwalimu wake, akampa brashi ya nywele mbili tatu, akamwonyesha namna ya kuilowesha na kunasia kombe. "Makombe weka kwenye sahani hii, mchanga weka kando. Basi, Mamkubwa." Akaondoka na simu sikioni.

Badria alitazama mle ndani ya kioo akaona mchele. Mchele wa bahari. Akachagua kama alivyofunzwa na mama yake: mchanga huku, kombe zima kule. Na yale yaliyovunjika, yaliyomeguka, yaliyobaki nusu na robo? Hayo si makombe na si mchanga. Hayo ni chenga. Badria hawezi kumpelekea mwalimu wa watu sahani ya chenga akaonekana mchafu. Lakini kutupa pia hakutupa, kwa kuwa kwao chenga husagwa zikawa mikate ya vibibi au hupewa kuku. Alikuwa na vichupa tele vya dawa yake ya presha. Kila chenga za kipande kimoja akazitia kichupa chao, akanakili juu yake namba ya kipande, maana kusoma maneno kulimshinda lakini namba alizijua. Vichupa akavipanga kwenye boksi la viatu, chini ya kiti.

Miezi ikapita hivyo. Haitham akija anachukua sahani, anasema "ahsante Mamkubwa," anakwenda kuhesabu. Hakuuliza. Hakuchungulia.

Siku ya balaa ilikuwa Agosti ya mwaka wa tisini na tisa, joto limelala juu ya Houston kama blanketi lililolowa. Charlotte, yule mwalimu mrefu mwenye maabara, aliingia na karatasi yenye mstari uliochorwa kutokana na hesabu za Haitham. Mstari umenyooka kama uzi wa fundi. Wanafunzi wengine wako pale wanakunywa kahawa. Charlotte akauliza kwa Kiingereza, sauti ya upole: Haitham, katika zama zote hizi bahari haikubadilika hata kidogo? Vipande vilivyovunjika viko wapi? Nani alichagua hizi?

Sasa, Kiingereza cha kusema Badria hakuwa nacho, au alikuwa hataki kukitoa. Cha kusikia alikuwa nacho chote. Huwezi kuwaogesha vikongwe vya watu miaka na miaka, wanakusimulia maisha yao na kukutukana, usikijue.

Haitham, amempa Badria mgongo, akajibu: "Ni kikongwe wa kwetu. Hajasoma. Hajui anachokiangalia. Nilimpa kazi kwa huruma tu."

Mwanafunzi mmoja akacheka.

Badria aliweka brashi chini. Aliiweka taratibu, kwa kuwa angeirusha ingemtoa mtu jicho. Akajifunga buibui yake, akachukua mkoba, akainama akachukua boksi lake la viatu, maana hakutaka kuacha kitu chake hata kimoja mahali pale. Akatoka nje akasimama juani kwenye maegesho mpaka jirani yake Nahla alipokuja na gari kumchukua. Nahla ni Mzanzibari, mwuguzi msaidizi, mtu wa maneno. Alimtazama mara moja na safari nzima hakusema neno, na hiyo kwa Nahla ni ajabu.

Jioni ileile Haitham akabisha hodi. Nahla, aliyekuwa anakula karanga kochini, ndiye aliyechungulia.

"Bi Badria, msomi wako yuko mlangoni. Nimfungulie, au nimwambie makombe leo yamekwisha?"

"Mwambie kikongwe kimelala."

Haitham alilisikia kupitia mlangoni. Nahla akamfungulia, akaingia kichwa chini. "Mamkubwa. Kumbe ulisikia."

"Masikio ninayo. Macho ya kusoma ndiyo sina."

"Nilihemewa mbele ya mwalimu. Mamkubwa, vile vilivyovunjika, ulivitupa wapi?"

"Na wewe lini uliniona natupa chenga?"

Haitham akakaa kwenye zulia, pale pale. "Viko? Alhamdulillahi! Viko wapi?"

"Niambie kwanza wavitakia nini. Juzi ulikuwa huna haja navyo."

Akamweleza, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi. Maji ya bahari, alisema, hayakai mahali pamoja. Huko kaskazini hupoa, huwa mazito, huzama mpaka chini, kisha hutembea sakafuni kwenda kusini. Maji hayo hayayadhuru makombe. Lakini zimepita zama ambapo maji ya kaskazini yalilegea, na ya kusini yakajaa kule chini badala yake. Hayo yana ukali kama wa ndimu. Hula makombe, hulainisha kuta zake mpaka yavunjike. "Kwa hiyo penye chenga nyingi ndipo maji ya kusini yalipotawala. Chenga ndiyo habari yenyewe, Mamkubwa! Zima na lililovunjika, lazima niyahesabu yote mawili. Wewe umenichagulia bahari kama mchele wa harusi. Kila zama imekuwa nzuri. Kila zama sawasawa."

Neno lilimwingia Badria mahali pabaya. Akaona sahani zake zote nzuri zimekuwa uongo mmoja mrefu. Lilimwingia, na hakulitoa.

"Na hayo uliniambia?" akauliza.

"Nilidhani..."

"Ulidhani. Sahani zangu uliwahi kuzitazama hata moja kabla ya kuhesabu? Mtu huonja chumvi kabla ya kupakua, wewe umepakua miezi mizima!"



"Si uchukue tope jingine," akasema Nahla.

"La pale limekwisha. Tumeliosha lote, na meli hairudi. Mkutano wa wataalamu huko Dallas umekaribia, nasimama mbele ya watu na mstari ulionyooka. Nikienda nao, masomo yangu yote ya hapa hayana maana. Mamkubwa, nipe chenga."

"Sikupi."

"Nakuomba radhi, basi!"

"Hapa? Kwenye zulia langu, anasikia Nahla na karanga zake? Ulinivua nguo kwa Kiingereza mbele ya watu. Utanivisha kwa Kiingereza mbele ya watu. Huko huko Dallas."

"Mamkubwa, kule ni watu wazito!"

"Ndio ninaowataka."

"Na wewe pia ulikosea!" Sauti ya Haitham ilivunjika. "Mbona husemi? Ulikosea!"

"Nilikosea kukusomesha."

Hapo hata Nahla aliacha kutafuna. Haitham akasimama, uso umemsawijika, akatoka na mlango akaubamiza. Badria hakugeuza kichwa. Aliteleka chai, akaimwaga nusu jikoni, akalifokea kopo la sukari kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Chai haijapoa, hodi tena. Kumbe Haitham alikuwa amekaa garini wakati wote huo. Macho mekundu.

"Nitasema," akasema.

"Utasema nini?"

"Nitasema kosa ni langu na neno nililolisema lilikuwa la utovu wa adabu. Kwa Kiingereza. Dallas."

"Haya. Lakini chenga zimo kwenye boksi langu la viatu, na boksi linakwenda nami. Nitahesabu mimi."

Alirudi maabara kesho yake. Charlotte alitaka kumshika bega, Badria akalihamisha bega. Alikaa kitini akafungua vichupa, akazirudisha chenga kwenye sahani zake, kila moja mahali pake, na kila alipochanganya nzima na mbovu roho ilimuuma kama anapakua chakula kilichoungua. Alinung'unika kutwa nzima. Wanafunzi hawakujua anasema nini, na ilikuwa heri yao. Haitham naye aliketi kwenye hadubini ya pili, akazitazama sahani zote, moja baada ya moja, bila simu. Mstari ukapinda. Ukashuka, ukainuka, ukashuka tena pale zama za baridi kali zilipokuwa. Charlotte akapiga makofi. Badria aliutazama ule mstari akaona umekaa kama mkeka uliosukwa na mtoto.

"Sasa umekuwa mbaya," akasema, "na wote wamefurahi."

Kwenda Dallas walipita barabara ya arubaini na tano. Toka Houston mpaka Cedar Hill, kando ya Dallas, walikokwenda kulala kwa jamaa zao, Badria hakumsemesha Haitham ila kumwambia apunguze mwendo. Kulipokucha alivaa buibui yake ya Eid.

Ukumbi ulikuwa wa hoteli, baridi mno, umejaa karatasi kubwa ukutani na watu wenye majina kifuani. Haitham alisimama mbele ya karatasi yake. Charlotte yuko, wale wanafunzi wako, na yule aliyecheka yuko. Watu wakaja wengi, maana mstari wake ulikuwa na neno. Alieleza vizuri, Badria hawezi kukataa. Akafika penye chenga.

"Hivi vyote tulivihesabu kwa mkono," akasema, na akataka kupita.

Badria akakohoa.

Haitham akaendelea na maji ya kusini.

Badria akafungua mkoba, akatoa kichupa kimoja kitupu cha dawa ya presha, akakisimamisha juu ya meza, mbele ya karatasi, namba imemwelekea Haitham. Haitham akakiona. Akaacha habari za maji. Watu wakangoja.

"Aliyechagua ni mama yangu mkubwa," akasema, macho kwenye kichupa. "Huyu hapa. Mara ya kwanza hesabu ilikuja na kosa, na nilimtukana mbele ya baadhi yenu, nikasema hajasoma na hajui anachokiangalia. Kosa lilikuwa langu. Sikumweleza kazi na sikuitazama. Kama asingezihifadhi chenga, leo nisingekuwa na chochote hapa."

Alisema kwa sauti ndogo, ya mtu anayeongea na kola ya shati lake. Charlotte akainamisha kichwa. Yule mwanafunzi akatazama viatu vyake. Haitham akamgeukia mamake mkubwa apate kuona kama limepokelewa.

Badria aliuzungushia macho ukumbi mzima. Kisha akasema, kwa Kiingereza ambacho hakuna aliyejua anacho, sauti juu kama anaita mtu ng'ambo ya uwanja:

"Sema tena. Wa nyuma hawajasikia."

Haitham akainua kichwa, akaanza upya.