Punje Arobaini na Moja

Jikoni walimwita Pua, na hakuwahi kulikataa jina hilo. Kwa miaka kumi na tisa alisimama mbele ya karai kubwa katika mgahawa wa Kichina wa bibi mmoja mfupi aliyevaa malapa mwaka mzima, na katika miaka hiyo yote hakuna samaki aliyeanza kuchoka wala mafuta yaliyorudiwa yaliyompita bila kunuswa. Ubaya ni kwamba pua hiyo hakuiacha jikoni. Aliwanusa wauza mboga, akawanusa majirani, akawanusa na wakwe. Ukimpa zawadi, ataigeuza kwanza aitazame chini. Wanawe, ambao sasa wana nyumba zao, walikuwa wakisema kwamba mama yao akifika peponi atauliza kwanza waliokuwa wakikaa pale wamehamia wapi, na kwa nini.

Lakini tusimcheke sana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Mgahawa wa yule bibi haukufa kwa sababu ya chakula. Ulikufa kwa sababu mafundi wa barabara walikuja asubuhi moja na vizuizi vya zege, wakavipanga katikati ya barabara kutoka mzunguko hadi sokoni, na watu waliokuwa wakivuka hatua ishirini kuja kula wakatakiwa kuzunguka robo saa. Bata walikuwa walewale, tambi zilezile, mikono ileile. Bibi alivumilia mwaka mzima, akiosha meza ambazo hakuna aliyezichafua. Kisha akafunga, akarudi kwao, akamwachia Pua karai lake na neno moja la kuagana: "Chakula kizuri mahali pabaya, utakila mwenyewe."

Karai hilo sasa lilikuwa na miezi minane chini ya kitanda cha Pua. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili na alitaka kitu kimoja tu duniani: mgahawa wake mwenyewe wa Kichina, mahali ambapo hakuna fundi wa barabara atakayeuua. Mtaji ulikuwepo, maana watoto walichanga. Mpishi wa kumsaidia alikuwepo, yule mwenzake wa zamani aliyeitwa Kisu kwa jinsi alivyokata karoti bila kuzitazama. Kilichokosekana ni chumba. Vyumba kumi na moja alionyeshwa, na vyote kumi na moja alivikataa. Kimoja kilikuwa karibu mno na kituo cha mabasi, na mtu anayekimbilia basi hali, anatafuna. Kingine kilitazamana na shule ya udereva, naye hakupenda kuona watu wasiojua breki wakiuelekea mlango wake. Cha saba alikikataa kwa sababu mwenye nyumba alicheka sana.

Kisu alikuwa amechoka kusubiri. Mumewe alikuwa amechoka pia, ila yeye hakusema. Na Pua mwenyewe, kwa hasira ya kukosa, alikuwa ameomba kazi ya kupakua chakula kwenye kantini ya kiwanda cha sabuni, wakamkubalia. Angeanza Jumatatu. Kila mtu nyumbani alijua kwamba akishaanza kupakua, karai halitatoka tena chini ya kitanda.

Ndipo dalali mmoja, ambaye watu walimwita Funguo kwa jinsi funguo zilivyolia kiunoni mwake akitembea, akampeleka kwenye chumba cha kumi na mbili.

Kilikuwa kwenye kona. Mbele yake barabara mbili zilikutana, zote mbili bila kizuizi, na njia ya miguu ilikuwa pana. Juu kulikuwa na ofisi ghorofa tatu. Upande wa pili kulikuwa na duka la kutoa kopi na maabara ya meno. Ndani, sakafu ilikuwa ya vigae, mfereji wa maji machafu ulikuwa mpana kama mkono, na ukutani tayari palikuwa na tundu la bomba la moshi. Nyuma palikuwa na uwanja mdogo wenye kivuli wa kuweka mitungi ya gesi. Pua alizunguka humo nusu saa, akagonga kuta, akafungua bomba, akanusa mfereji. Hakupata kasoro, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alimwambia Funguo. "Hiki mbona unakitembeza?"

"Mama, mimi natembeza vyote. Ndiyo kazi yangu."

"Aliyekuwa humu nani?"

"Muuza suti. Kabla yake mpiga picha."

"Wakaenda wapi?"

"Mpiga picha alistaafu. Wa suti alipata pakubwa zaidi." Funguo alifuta jasho. "Mama, mwenye duka la dawa anakitaka hiki chumba. Mwenye nyumba amenipa mpaka Ijumaa. Ukinusa sana utakuta wanauza panadoli."

Pua alitoka nje akamuuliza fundi viatu aliyekuwa ameketi kwenye kona. Fundi akasema yaleyale: mpiga picha alistaafu, wa suti alipata pakubwa. Maneno yalifanana mno. Pua akaitazama mikono ya fundi, akajiuliza Funguo alikuwa ameipakaza nini.

Siku zile hata nyumbani hakukuwa na utulivu. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kinachotazama barabara. Alikuwa mtu wa utaratibu. Kila nguo iliyoingia pale aliibana kikaratasi chenye jina la mwenyewe na vipimo vyake, hata kama ni leso ya kupindwa. Sasa wiki hiyo Pua aliona gauni la kijani limetundikwa nyuma ya pazia, halina kikaratasi. Alipolisogelea, mumewe akainuka akalifunika kwa shuka. Mara mbili alimkuta akinong'ona kwenye simu, na mara zote mbili alikata na kusema ilikuwa namba ngeni.

Kikulacho ki nguoni mwako, Pua aliwaza, na nguo yenyewe ni ya kijani. Aliumia. Hakuwahi kumdhania mumewe mambo ya wanawake, ila kuna jambo moja alilokuwa amelidhania kwa miaka mingi bila kulisema. Mpishi wa Kichina hunuka. Kitunguu saumu, tangawizi na mafuta ya moto huingia kwenye nywele na chini ya kucha. Na kwa miaka kumi na tisa, kila jioni aliporudi kazini, alikuta dirisha la karakana liko wazi kabisa, hata mvua ikinyesha. Alielewa. Ndiyo maana alikuwa akipita moja kwa moja bombani nyuma ya nyumba, akajisugua kwa sabuni mara tatu kabla ya kumkaribia mume wake. Sasa alijisemea kwamba huenda mwanaume amepata mtu mwenye harufu nzuri zaidi.

Ijumaa ilipofika, alikwenda kwenye kile chumba kufanya kipimo cha mwisho. Kipimo hicho alifundishwa na yule bibi. Kabla hujatia saini, washa moto katika chumba kitupu, fungua milango, ukaange tangawizi na kitunguu saumu kuanzia saa sita mpaka saa saba mchana. Wewe mwenyewe usisimame kwenye karai. Simama ng'ambo ya barabara kama mtu anayemsubiri mtu, ukiwa na punje za soya mfukoni. Kila anayepita na kugeuza shingo, hamisha punje moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Wakifika thelathini, weka meza. Wasipofika, funga virago. Bibi alikuwa akisema kwamba mdomo unajua kudanganya lakini shingo haijafundishwa.

Basi Kisu akawasha gesi, Pua akasimama mbele ya duka la kopi. Dakika tatu tu, harufu ikavuka barabara. Wakatoka makarani wawili, wakageuka. Punje mbili. Akapita daktari wa meno na koti lake jeupe, akageuka. Akapita mwanaume mwenye kofia pana na koti la mvua, ilhali jua lilikuwa kali, akasimama kabisa katikati ya njia, akafumba macho kama anayesali. Pua alihamisha punje na kucheka kidogo moyoni. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane, aliona meza zake zimepangwa mle ndani, akajua hata ile ya dirishani angempa nani.

Kisha akapita kijana wa suruali ya kahawia, akageuka, na alipogeuka Pua akauona mfuko wake wa nyuma. Ulikuwa umekatwa mshazari, na ukingo wake umepigwa mshono maradufu. Mjini palikuwa na mtu mmoja tu aliyekata mifuko namna ile, na Pua alikuwa akilala naye. Dakika kumi baadaye ukapita mfuko mwingine wa mshazari. Halafu wa tatu. Na saa sita na nusu kamili, likaja lile gauni la kijani, na ndani yake mwanamke mzuri, mnene wa wastani. Akageuza shingo kwa madaha, akaenda mpaka mlangoni, akamuuliza Kisu mnafungua lini.

Mkono wa Pua uliendelea kuhamisha punje kwa mazoea tu. Alimaliza saa yake, akavuka barabara, akamwambia Kisu azime moto.

"Dada, umeona watu?" Kisu alikuwa akitabasamu mpaka masikioni. "Wameingia wanne kuuliza."

"Nimeona," alisema Pua. Funguo akauliza jibu ni nini. "Utalipata kabla ya jua kuzama."

Alimkuta mumewe kwenye cherehani, amevaa futi ya kupimia shingoni. Pua akaketi kwenye kigoda cha wateja, akamwaga punje za mfuko wa kushoto juu ya meza ya kukatia.

"Wa kijani ni nani?"

Mumewe akaondoa mguu kwenye kanyagio. Hakujifanya haelewi, na hilo angalau lilikuwa la heshima.

"Mwalimu wa chekechea. Nilimshonea bure, apite pale saa sita na nusu ageuke. Kikaratasi sikukiweka kwa sababu ungelisoma jina, ukamfuata shuleni kumhoji mbele ya watoto."

"Na wale wa suruali?"

"Wateja wangu. Niliwaomba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimechoka kulala juu ya karai, mama watoto. Vyumba kumi na moja. Nilijua hata hiki ungekipata na kasoro. Jumatatu ungekwenda kuwapakulia watu wa sabuni, na mimi ningekaa hapa nakuona unavyoondoka na ndoo ya vijiko. Nisingeweza."

Pua alihisi hasira imempanda, na chini ya hasira palikuwa na kilio. "Umeniharibia kipimo. Kilikuwa kimoja tu ambacho hakuna mtu angeweza kukichezea, na umekichezea wewe. Sasa nitajuaje kama pale ni pazuri?"

Mumewe akaanza kuzikusanya punje zilizotawanyika mezani.

"Walikuwa wangapi?" Pua akauliza.

"Tisa."

"Wataje. Mmoja mmoja."

Akawataja, na kwa kila mmoja Pua akasukuma punje moja pembeni. Suruali ya kahawia. Mwenye mashati mawili ya mistari. Ndugu wawili wa duka la rangi. Kinyozi. Yule wa kijani. Mlinzi wa benki, siku yake ya mapumziko. Mzee aliyeshonewa kanzu. Wakawa wanane.

"Wa tisa?"

Mume akachukua mkasi, akauweka, akauchukua tena. "Wa tisa mimi."

"Usinidanganye. Ningekuona."

"Nilivaa kofia ya kinyozi, na lile koti la mvua ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua."

Pua akamkumbuka. "Yule alisimama," alisema. "Alifumba macho."

"Kusimama sikupanga. Nilipanga nipite, nigeuze shingo, niende zangu. Lakini ile harufu..." Akatazama mikono yake. "Miaka kumi na tisa ukirudi unakimbilia bombani kama mtu aliyetoka kuzika. Mimi naiambulia kidogo tu kwenye nguo zako za kazi. Leo nimeipata yote."

"Si wewe uliyekuwa unafungua dirisha?"

"Nafungua nikuone ukikata kona. Kwani wewe ulidhani nini?"

Pua hakumwambia alichodhani. Alikuwa na haya, na haya ni kitu ambacho hakikumzoea. Akazihesabu punje zilizobaki katikati ya meza, akazihesabu tena kwa sababu hakuziamini mara ya kwanza. Zilikuwa thelathini na tatu. Ya tisa ilikuwa bado humohumo. Akaishika kwa vidole viwili, akaisogeza kuelekea wale wanane wa uongo, ikafika nusu ya njia. Halafu akairudisha.

"Wewe nakuhesabu," alisema. "Kipimo ni shingo, na yako iligeuka."

Kisha akachukua simu, akampigia Funguo.

"Nakichukua," alimwambia. "Mwambie wa dawa atafute kwingine. Lakini kwanza, huyo wa suti alihamia mtaa gani?"