Maboksi ya Viatu ya Mzee Alcide

Hakuna mama parokiani kwetu aliyemwona Mzee Alcide Sanschagrin akija na boksi la viatu kwapani asishtuke. Alikuwa fundi viatu hadi mgongo ulipogoma, ndipo akaacha viatu akashika koo za watu, nani kazaliwa na nani. Sote alituweka kwenye maboksi yake, kadi kwa kadi, na kwa miaka ishirini hakuna aliyethubutu kumwambia amekosea. Yeye mwenyewe alisema ni kitukuu cha nahodha, na alitembea hivyo.

Kwangu alikuja Alhamisi, siku tano kabla ya harusi ya binti yangu Alphonsine. Nilikuwa nasukuma unga wa pai za nyama.

"Mama Laviolette, kaa kwanza."

"Nikikaa, pai zitajipika? Sema."

"Alphonsine na huyo Ovila Chartier ni ndugu."

Nikakaa.

"Askari wenu wa kwanza kutoka Ufaransa aliitwa Chartier," akasema. "Jeshini wakampachika Laviolette. Watoto wengine wakashika jina, wengine wakashika lakabu. Hilo la zamani, si neno. Neno ni huyu Joseph Narcisse, baba wa babu yake Ovila. Yeye na baba wa babu yake Alphonsine ni tumbo moja. Bila kibali cha askofu hawaoani."

Kibali, na theluji ile, ni wiki tatu. Jumatano iliyokuwa inakuja ilikuwa ya Majivu, na Kwaresima ikiingia hakuna harusi hadi Pasaka. Hadi Pasaka! Mimi ni mama, nina macho. Tangu mwanzo wa Januari Alphonsine alikuwa akikimbia harufu ya nyama ya nguruwe kila asubuhi. Sikuwa nimemwambia mtu, hata baba yake.

Nikavua aproni, nikamburura mzee hadi kwa padri.

Padri akafungua kitabu cha zamani cha ubatizo na mazishi. Alcide akaweka kidole. "Huyu hapa. Joseph Narcisse, kabatizwa mwaka 1812." Akataka kufunga. Lakini mimi kusoma nilijifunzia katekisimu tu, nasoma kama mtu anayetembea juu ya barafu, hivyo nilikuwa bado njiani. Nikafunua ukurasa. Joseph Narcisse yuleyule, kazikwa. Umri, siku kumi na moja.

"Mzee, huyu amekufa."

"Mazishi huwa siyasomi. Wafu hawazai."

"Ndiyo nakwambia! Huyu hajamzaa mtu!"

Padri akafunua mbele kidogo. Kwetu kila mvulana ni Joseph na kila msichana ni Marie, kisha linafuata jina la msimamizi wa ubatizo; na mtoto akifa, anayemfuata hurithi jina lake.

"Narcisse wa Ovila ni huyu," padri akasema. "Baba yake na baba wa yule wa Alphonsine ndio waliokuwa tumbo moja. Msimamizi mmoja, jina moja. Basi watoto wenu wanakutana kizazi cha tano, na hapo hawahitaji kibali. Ningezuia cha tano, ningefunga kanisa."

Nikafanya ishara ya msalaba. Alcide hakusikia. Alikuwa akipekua kurasa kwa mikono miwili.

"Babu yangu Joseph Zéphirin… mtoto wa nahodha…" Kidole kikasimama. "Kazikwa. Miezi minane."

"Pole, mzee."

"Miaka ishirini nimetokana na mtoto mchanga!"

Padri akageukia dirishani, mabega yakimtetemeka.

Ndoa ikafungwa Jumanne. Mwanzoni mwa Septemba Alphonsine akajifungua Marie Philomène, "kabla ya wakati," mnene wa mashavu kama mtoto wa miezi mitatu. Kabla ya jioni Alcide alikuwa mlangoni na boksi lake. Aliandika tarehe ya harusi, akaandika ya kuzaliwa, akalamba ncha ya penseli, akazitazama zote mbili kwa muda mrefu.

Nikamkatia robo nzima ya pai. "Kula kwanza, mzee."

Akaitazama pai, akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Mama Laviolette," akasema, akifunika boksi, "mimi ni mtu wa vizazi. Miezi huwa siihesabu."