Mbuzi wa Shemeji, Samaki wa Mama

Kwetu Temeke Krismasi haianzi na kengele ya kanisa. Inaanza na mama yangu kutwanga viungo kwenye kinu, wiki nzima kabla, na mtaa wote unapiga chafya. Wako watu wa Mbagala waliowahi kuulizana nani anapika Temeke. Sitii chumvi; chumvi ni kazi ya mama.

Pilau yenyewe si ya asili yetu. Mama ni mtu wa Mpwapwa, amelelewa kwa ugali wa mtama na mlenda, na marehemu baba alipomleta Dar hakujua karafuu inaliwa au inavaliwa. Krismasi yake ya kwanza mjini alisonga ugali, akachemsha nyama, akaona amemaliza. Jirani yetu, mama wa Kiarabu ambaye mumewe alikuwa na duka pale kona, aliona moshi lakini hakupata harufu. Akachungulia juu ya ukuta unaotenganisha nyua zetu.

"Shoga, kuna msiba?"

"Hapana, dada. Leo sikukuu yetu."

"Sikukuu gani isiyokuwa na harufu?"

Tangu hapo akamfundisha pilau kwa kupitia ukutani. Mwenye kujua yuko upande ule na sauti, asiyejua yuko upande huu na mwiko. "Kitunguu bado, kiache kiungue mpaka kione aibu. Sasa thomu. Nimesema sasa, siyo kesho. Viazi hivyo unavimenya au unavichonga?" Mie na dada yangu tulikua tukiamini kwamba pilau haiivi mpaka mtu apige kelele ukutani. Jirani huyo tulimwita Mamkubwa, na mpaka leo tuna ndevu na watoto bado tunamwita hivyo.

Kati ya nyumba zile mbili ikazaliwa safari ya sahani. Ni moja tu, nyeupe, ina maua ya buluu na pengo ukingoni, na hakuna aliye hai anayekumbuka ilitoka nyumba gani. Siku ya Idi inakuja kwetu na samaki wa kupaka. Krismasi inakwenda kwake na pilau ya mbuzi. Haivuki ukuta ikiwa tupu. Ikikosa chakula itabeba ndimu, itabeba vitumbua, mwaka mmoja ilibeba betri za redio.

Ili Mamkubwa aile pilau yetu, mbuzi wetu lazima achinjwe na Muislamu. Hilo halijawahi kuwa mjadala kwetu. Zamani alikuwa anachinja mumewe, na mumewe alipofariki kazi akairithi mtoto wake wa kiume. Anatoka swala ya alfajiri, anaingia na kisu alichokifunga kwenye gazeti, anatamka Bismillahi, anakunywa chai ya tangawizi, anarudi kwao. Sie tunaendelea.

Sasa mtoto huyo amejenga Tegeta. Nyumba ya Temeke wameiuza, aliyenunua anataka kuinua ghorofa, na lori la kuhamisha vitu lilikuwa limeshapangwa kuja mara tu baada ya sikukuu. Mama akapata habari hiyo. Alikwenda kununua mchele wa Kyela mapema kuliko miaka yote, akakaa barazani akauchambua punje kwa punje kama anayetafuta mtu aliyepotea. Jioni moja akaniambia, bila kuinua kichwa:

"Sahani ya mwaka huu ndiyo ya mwisho kupita ukutani. Sitaki kasoro."

Hapo ndipo anapoingia shemeji yangu, mume wa dada. Ni mtu wa Rombo, na kila mtu anajua watu wa kule Desemba hawakai Dar. Mji unabaki mweupe, hata foleni zinakosa raha. Mwaka huu dada alikuwa amejifungua, mtoto mchanga kabisa, kwa hiyo shemeji akala Krismasi ya kwanza ukweni. Ni mkwe mzuri mno. Mtu akimtuma maji analeta kisima. Na kwao, mbuzi wa sikukuu anachinjwa na mwanamume wa nyumba, na kumchinjia mama mkwe ni heshima kubwa ambayo haisubiri kuombwa.

Tatizo la desturi ya muda mrefu ni kwamba hakuna anayekumbuka kuielezea. Kila mmoja wetu alidhani shemeji anajua.

Asubuhi ya Krismasi nilitoka uani nikamkuta amejifunga kanga ya dada kiunoni, anapiga mluzi. Mbuzi alikuwa ananing'inia kwenye mwembe, ameshachunwa, safi kiasi kwamba angeweza kupigwa picha ya kitambulisho. Kabla sijafungua mdomo, geti likalia. Mtoto wa Mamkubwa akaingia, kofia kichwani, kisu mkononi ndani ya gazeti.

"Karibu, braza," shemeji akamwambia kwa furaha. "Kazi imeisha. Nimeona nisiwasumbue watu mapema yote hii."

Yule bwana akamtazama mbuzi, akanitazama mie. Akakibana kisu kwapani.

"Mungu akuzidishie nguvu, shemeji," akasema taratibu. "Heri ya sikukuu."

"Chai je?" nikamuuliza.

"Nitakunywa nyumbani."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la vitunguu. Alikuwa ameshasali mkesha, kwa hiyo asubuhi yote ilikuwa ya pilau. Hakugomba. Afadhali angegomba. Alikaa kwenye kigoda, akaliweka bakuli chini, akasema, "Mwanangu, ni nyama nzuri sana hiyo. Lakini shoga yangu haili."

Shemeji alipoeleweshwa alipauka. Akavua kanga, akaivaa tena. "Mama, mbuzi mwingine leo hapatikani, nakimbia nikalete kuku. Kijana achinje yeye mwenyewe, mbele yangu, mara mbili kama anataka."

"Kuku anakula kwake kila Ijumaa," mama akasema. "Nikimpelekea kuku atajua ni kiraka."

"Basi nyama ya buchani, mama."

"Na hicho kiraka kingine."

Mtoto wa dada akalia ndani. Kisha mama akageuka kwangu na sura ambayo sijawahi kumwona nayo, labda alikuwa nayo siku alipovuka barabara ya Kilwa kwa mara ya kwanza.

"Nenda Feri ukaniletee samaki."

Lazima nieleze uzito wa maneno hayo. Samaki hachinjwi, Muislamu, Mkristo, asiye na dini, wote wanamla. Lakini mama yangu hakuwa amewahi kupika samaki mbichi maishani mwake. Anasema samaki ana macho, anamwangalia. Sahani ya Idi ikija tulikuwa tunakula sie, yeye anakula wali wa pembeni. Mamkubwa alikuwa anajua, na kila Idi alikuwa anamchokoza ukutani: "Shoga, siku utakayonipikia samaki ndiyo nitawaambia watu umehamia pwani. Kwa sasa wewe bado mgeni, una mizigo stendi."

Nikapanda bodaboda. Nilirudi na changu wawili wakubwa, kila mmoja sawa na mtoto wa darasa la kwanza, wameshaparuliwa na kutolewa matumbo kulekule. Mama akawaangalia, wakamwangalia. Mie nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, na kwenye mtihani wa biolojia nilimchora samaki mpaka matamvua. Mama akaniuliza, "Wewe msomi, nitajuaje kaiva?" Hilo halikuwa kwenye mtaala.

Kuuliza ukutani mama alikuwa amekukataza, ili Mamkubwa asijue kinachopikwa. Kwa mara ya kwanza mama alipika sikukuu bila sauti ya upande wa pili. Tulikuwa tunamsikia Mamkubwa akiburuta masanduku yake, anakohoa, anamwambia mtu afunge kamba vizuri, na mama akisikia hivyo anapunguza kelele za mwiko.

Pilau aliipika bila nyama kabisa, kwenye sufuria mpya aliyozawadiwa na akina mama wa jumuiya, ambayo haikuwa imegusana na mbuzi wa mtu yeyote. Shemeji aliiita pilau yatima, kwa huzuni ya kweli. Yeye alipewa nazi akune. Mwanamume mzima, mwenye mkono wa kuangusha ng'ombe, amekalishwa kwenye ile mbuzi ya kukunia, magoti yamefika masikioni.

"Huyu naye mchinje," dada akamwambia kutoka dirishani, mtoto begani.

"Nisamehe, mama watoto."

"Kuna, baba. Kuna."

Samaki walioshwa kwa ndimu mpaka nikadhani wanabatizwa. Kwenye mafuta mmoja alinata, akagawanyika. Mama akamtazama aliyebaki mzima kama mtu anayemtazama mwanafunzi wake wa mwisho, akamlaza kwenye tui. Lakini alilimimina tui lote pamoja, zito na jepesi, akawasha moto mkali wa pilau, akageuka kupalia makaa juu ya mfuniko wa wali. Alipogeuka tena tui lilikuwa limekatika: mafuta upande, maji upande, na vipande vyeupe vinaogelea kati.

"Ndivyo linavyokuwaga?" akauliza.

Shemeji alisema linapendeza.

Kwa kawaida sahani hupelekwa na mtoto. Siku hiyo mama alivaa gauni lake la kanisani, akajitanda kitenge kipya, akaishika mwenyewe kwa mikono miwili. Mie nilifuata na bakuli la mchuzi. Mamkubwa alikuwa amekaa barazani kwake, katikati ya magodoro yaliyofungwa kamba.

"Shikamoo, Mamkubwa."

"Marahaba, baba. Karibuni. Msikae, hakuna viti, viti vimeshahama."

Mama hakuzunguka. "Shoga, mkwe wangu kamchinja mbuzi mwenyewe. Hakujua."

"Nimeambiwa. Nikasema basi, mwaka huu nitakula chai na mkate, nihame nikiwa mwepesi." Lakini alikuwa ameshanawa mikono, niliiona bado ina maji.

Mama akafunua sahani. Mamkubwa akainama kuitazama.

"Nani kapika?"

"Mie."

"Wewe?"

"Mie, dada."

Akamega. Akatafuna. Ndege wa Temeke nzima walinyamaza, nakuapia.

"Tui limekatika."

"Najua."

"Huyu samaki umemuosha kwa ndimu au umemzika ndani ya ndimu?"

"Najua, shoga."

"Chumvi hamna."

"Hiyo sikujua," mama akasema.

Mamkubwa akamega tena. Alikula. Alikula pilau yatima, akala ubavu wa huku, akamgeuza samaki akala wa kule, akachambua miiba akaipanga ukingoni, akafika kwenye kichwa akakifyonza, jicho na yote. Mama aligeuza uso ukutani. Alipogeuka, Mamkubwa alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Pilipili," akasema.

Mchuzi haukuwa na pilipili.

"Sasa nitawaambia watu umehamia pwani," akaendelea. "Umechelewa tu. Umefika mie ninaondoka."

Wakashikana mikono pale juu ya magodoro, wakawa wanacheka, kisha wakawa hawacheki. Mie nilijishughulisha na bakuli.

Mama alipotaka kuchukua sahani, Mamkubwa akaivuta kwake. "Hii hairudi tupu, na mie vyombo vyangu vyote vimefungwa, sina hata ndimu ya kutia. Utaifuata Tegeta."

"Tegeta mbali, dada."

"Mpwapwa je? Si ulitoka?"

Lori lilikuja, likajaa, likaondoka. Mama alivumilia hadi katikati ya Januari, halafu akavaa lile gauni la kanisani akaenda Tegeta. Alirudi jioni, na harufu ilitangulia. Sahani ilikuwa ndani ya mfuko, ndani ya ndoo ya barafu, na juu yake amelala changu mbichi wa Kunduchi, na magamba yake yote. Alikuwa amepewa kazi ya nyumbani.

Shemeji alimparua nje, magamba yakamjaa nywele. Mama akakuna nazi mwenyewe, akakamua tui jepesi kwenye bakuli moja, zito kwenye jingine. Kisha akaisimamisha simu yangu kwenye kinu, akaweka sauti ya nje.

"Nimeliweka jepesi, shoga."

"Moto?"

"Mdogo."

"Mdogo wa kwenu au mdogo wa kweli? Koroga. Usiache kukoroga, nakusikia umeacha."

Sauti ile ilijaa ua mzima, ikagonga ukuta, ikarudi. Mama akakoroga.