Nyungu ya Bibi Mwaisha

Pale Mtawanya, mtu akiamka na mafua hakuhangaika na duka la dawa. Alikwenda kwa Bibi Mwaisha. Mjane huyu aliishi nyuma ya shamba la mikorosho lililoachwa bila kupaliliwa, na humo kivumbasi kiliota chenyewe kwa fujo. Alikichuma mapema, kabla jua halijaiua harufu yake. Majani mabichi aliyafikicha, mwenye mafua akayanusa. Mengine aliyachemsha kwa ajili ya tumbo la kusokota, na matawi makavu aliyachoma jioni kufukuza mbu. Mwenye homa alipigishwa nyungu: aliketishwa mbele ya chungu cha majani yanayotoa mvuke, akafunikwa blanketi gubigubi mpaka jasho likamchuruzika.

Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, Mmakonde wa upande wa Kilambo, pamoja na masharti mawili. Aliyetoka nyungu asipigwe na upepo mpaka jasho limkauke. Na mtoto mwenye viganja vyeupe asifukizwe kabisa. Huyo damu imemwishia, akimbizwe hospitali. Sharti la kwanza Bibi Mwaisha alimtangazia kila mtu. La pili alibaki nalo moyoni, maana tangu apate jina hakupenda kumwambia mtu kwamba lipo jambo asiloliweza.

Masika yaliyopita, saa za mchana, alifika Mwalimu Raheli, mgeni kutoka bara aliyepanga nyumba ya jirani. Begani alimbeba bintiye Pendo, mtoto mdogo, amelegea kwa homa. Ua ulikuwa umejaa wanawake waliofuata majani.

"Bibi, na mume wangu nikuletee umpigishe nyungu," alikuwa akisema Warda, muuza samaki. "Labda uvivu utamtoka."

"Uvivu wa Asadi chungu hakiutoshi, mwanangu. Kanitafutie pipa."

Ua mzima ukaangua kicheko. Bibi Mwaisha alikuwa bado anacheka alipokishika kiganja cha Pendo. Kilikuwa cheupe kama unga wa muhogo. Kicheko kikamkatika.

"Vipi, Bibi?" Raheli aliuliza. "Nilikuwa nampeleka zahanati, wenzangu wakaniambia nianzie kwako."

Macho yote yalikuwa kwake.

"Homa tu hiyo. Kaa naye hapa."

Akamfukiza. Mtoto alipotolewa ndani ya blanketi alikuwa anahema haraka haraka, mbavu zikibonyea. Raheli akasimama ili akatafute bodaboda.

"Utamtoa na jasho lote hilo, upepo umwingie?" Warda alimkemea. "Ualimu uache shuleni, dada!"

Raheli akamgeukia Bibi Mwaisha. Hata wakati huo neno moja lingetosha.

"Subiri likauke," Bibi Mwaisha akasema.

Raheli alisubiri. Adhana ya alasiri ilipokuwa ikisomwa, macho ya mtoto yakageuka juu, na hapo mama hakumsikiliza mtu tena. Alimkumbatia, akapanda bodaboda. Pendo alikata roho njiani.

Msibani, Warda alinong'ona kwa sauti iliyowafikia wote: "Si tulimwambia? Mtoto katoka nyungu, unamtia upepo wa pikipiki!"

"Ni kweli," Raheli alisema. "Nimemuua mwenyewe." Alikuwa akilirudia neno hilo tangu asubuhi, mpaka sauti ikamkauka. Akaushika mkono wa Bibi Mwaisha. "Nisamehe, Bibi. Ulinikataza, sikusikia."

Hakuna aliyemtuhumu Bibi Mwaisha. Angesema tu kwamba ni mipango ya Mungu, jina lake likabaki safi, na mama huyu akazeeka akijiita muuaji. Alifungua kinywa ayaseme hayo hayo. Akamtazama Raheli usoni.

"Si upepo, Mwalimu," akasema. "Mtoto hakuwa na damu. Viganja vyake niliviona. Nilijua si wa kufukizwa."

Warda akamvuta kanga. "Bibi, nyamaza. Uchungu unakuchanganya."

"Niache, Warda. Nilijua kabla sijainjika chungu. Niliona aibu kusema siwezi, na nyinyi mmekaa mnanitazama."

Raheli akautoa mkono wake polepole. "Nilipokuwa nasubiri jasho likauke, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniangalia tu."

"Nikakuangalia."

"Toka nyumbani kwangu."

Bibi Mwaisha akajiinua kutoka mkekani. Hakuna aliyemshika mkono. Warda alimfuata hadi mlangoni, amefura.

"Ungenyamaza ungepungukiwa nini? Sasa sisi na watoto wetu twende kwa nani?"

Bibi Mwaisha alisimama kizingitini. Alikuwa anasikiliza ndani. Raheli alikuwa ameacha kujilaani. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alikuwa anamlilia mwanawe.