Seremala wa Rebolo Anayeficha Besi Ndani ya Kabati

Saa moja asubuhi, uani kwake katika mtaa wa Rebolo, jijini Barranquilla, Nohemí Barraza amepiga magoti mbele ya kabati la droo akiwa ameshika mshumaa unaowaka. Jua limeshatoka. Mshumaa si wa kumulika.

Anausogeza taratibu kwenye maungio ya mbao, huku muziki ukilia kwa sauti ya chini kutoka ndani ya kabati. Mwali umesimama wima. Anapofika kwenye kona ya chini, unaanza kuchezacheza.

"Hapa," anasema, na kuweka alama kwa penseli. "Hewa inatoka. Sabufa ikivuja hivi inakohoa kama mzee wa sigara."

Droo tatu za juu ni za kweli, za kuwekea vitambaa na sahani. Mbili za chini ni sura tu. Uvute vishikio mpaka uchoke, hazifunguki. Nyuma yake kuna spika moja pana kama sinia, imeelekezwa sakafuni. Mteja ni mwalimu anayeishi na mama mkwe wake, na mama huyo amekataa katakata kukaa sebule moja na masanduku ya muziki.

"Atapanga picha za wajukuu hapo juu," Nohemí anasema. "Siku akigundua, atakuwa ameshazoea."

Nohemí ana miaka hamsini na nne. Ufundi aliurithi kwa baba yake, aliyekuwa akitengeneza vitanda katika ua huuhuu. Siku hizi anatengeneza sabufa za nyumbani zilizojificha ndani ya samani: makabati, mabenchi, meza za pembeni, na kitanda kimoja ambacho hapendi kukizungumzia mbele ya wageni.

Hakuianza kazi hii kama biashara. Aliianza kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo ndiye anayekuja sasa uani na vikombe viwili vya kahawa nyeusi.

Ni mumewe, Wilfrido Cantillo. Zamani Wilfrido alikuwa na picó, ile mitambo mikubwa ya muziki yenye michoro ya rangi kali, ambayo hapa Barranquilla harusi isipokuwa nayo watu hurudi nyumbani mapema. Yake iliitwa El Aguacero, yaani mvua ya gharika.

Walikutana kwa sababu ya mitambo hiyo. Wilfrido alikuja karakana kuagiza maboksi ya spika, na Nohemí akamwambia vipimo vyake si sahihi.

"Kesho yake akarudi na vipimo vilevile," Nohemí anakumbuka. "Nikajua huyu hakufuata maboksi."

Waliishi hivyo miaka mingi, yeye akiunda mbao na mumewe akizipa sauti. Kisha, miaka saba iliyopita, Nohemí alipapasa titi lake akakuta uvimbe.

Matibabu yalikuwa marefu. Karakana ilifungwa kwa sababu mikono yake haikuweza kushika randa. Baadhi ya dawa zilichelewa, nyingine zikabidi kununuliwa nje. Kila alipomuuliza mumewe fedha zinatoka wapi, aliambiwa ale supu kabla haijapoa.

Siku moja alirudi kutoka kliniki akakuta chumba cha mbele kitupu. Ukutani palikuwa na mraba mkubwa wa rangi mpya kabisa, mahali ambapo jua halikuwa limefika kwa miaka.

"Nilimuuliza El Aguacero iko wapi," anasema. "Akaniambia ilikuwa inamuumiza mgongo. Basi. Mpaka leo hajaongeza neno."

Wilfrido aliweka sharti moja tu: spika yoyote isikanyage tena nyumba ile. Akaacha kwenda kwenye sherehe. Mpira wa Jumapili alikuwa anausikiliza kwa redio ndogo aliyoibana sikioni. Majirani walidhani amezeeka ghafla. Nohemí alijua si uzee.

Akapona. Nywele zikarudi, nguvu zikarudi, na vipimo vya mwaka baada ya mwaka vikatoka safi. Alipotoka kwa daktari mara ya mwisho, hakwenda nyumbani. Alipanda basi mpaka mji wa jirani wa Soledad, kwa dereva mmoja aitwaye Eufemio, ambaye alisikia mtaani kwamba ndiye aliyeinunua El Aguacero.

Eufemio alikuwa ameshaifungia spika mpya. Za zamani zilikuwa stoo, zimefunikwa gunia. Nohemí alimwomba amuuzie moja, akajitayarisha kubishana bei.

"Chukua, mama," Eufemio alimwambia. "Mumeo alipiga harusi ya dada yangu. Mvua ilinyesha, akafunika mitambo kwa shuka za kitanda chenu, akaendelea. Nitakuuzia vipi?"

"Kumbe shuka zangu zilikwenda huko," Nohemí alijibu, na wote wawili wakacheka.

Spika ilifika Rebolo chini ya gunia la mihogo. Nohemí alijua akimpa mumewe waziwazi ataambiwa airudishe. Kwa hiyo akaanza kutengeneza kabati la vyombo, na kumwambia Wilfrido kwamba ni la mteja wa upande wa kaskazini wa jiji.

La kwanza lilimshinda. Alipolijaribu mumewe akiwa sokoni, glasi zilitembea zenyewe mpaka ukingoni na mbili zikaanguka. Akalibomoa. Akatumia mbao nene zaidi, akatenga sehemu ya chini isigusane na ya juu, akaweka mataruma ndani kama mbavu, akajaza pamba, na kila ungio akalipaka gundi mara mbili. Spika mbili ndogo alizificha kwenye milango ya juu, nyuma ya matete yaliyosukwa.

Wilfrido alipita, akatazama mbavu zile. "Huyo mteja wako anakula kwenye sahani za chuma?" aliuliza.

"Ana watoto watundu," Nohemí akamjibu, akaendelea kupiga msasa.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, kabati lilikuwa sebuleni, mahali palepale ilipokuwa picó. Wilfrido alilalamika kidogo kwamba mali ya watu haiwekwi njiani. Kisha akaliegemea. Kisha akaligonga kwa kifundo cha kidole, akaligonga tena chini zaidi.

"Nohe," akasema, "hili kabati mbona lina kifua?"

Nohemí aliinuka. Aliwasha muziki, wimbo wa zamani ambao Wilfrido alikuwa akifungua nao kila dansi. Sakafu ikaanza kunguruma kwa upole chini ya miguu yao.

Wilfrido aliweka viganja viwili juu ya mbao. Nohemí anasema uso wake haukuonyesha kitu. Halafu akageuka, akatoka nje, akakaa kizingitini akiwa ameupa mlango mgongo.

"Hapo nilijuta," Nohemí anaeleza, na mkono wenye penseli unatulia. "Nikasema nimemtonesha kidonda. Mtu ametoa kitu alichokipenda ili mimi nipone, halafu mimi namletea kipande chake ndani ya kabati. Nilitaka kuzima, lakini niliogopa hata kusogea."

Wimbo ulikwisha, ukaingia mwingine. Wilfrido akarudi. Hakuwa na machozi wala tabasamu. Alikuwa na bisibisi.

"Nyaya umezifunga kinyume," alimwambia. "Besi na spika ndogo zinavutana. Nimesikia kutoka nje."

Akalala chali sakafuni, akaingiza mkono nyuma ya kabati, akabadilisha nyaya. Besi ikanyooka, ikajaa nyumba nzima. Alibaki amelala palepale, na Nohemí akaketi sakafuni karibu na kichwa chake.

Wa kwanza kuisikia besi hiyo alikuwa jirani yao, Ruby Ester. Alikuja mbio akidhani picó imerudi, akachungulia nyuma ya mlango, chini ya meza, mpaka jikoni. Alipoonyeshwa kabati alikataa kuamini mpaka akaweka shavu lake juu yake. Kabla ya kuondoka alikuwa ameagiza la kwake.

Tangu hapo oda hazijakatika. Kwa mwezi mzuri Nohemí anapata mara tatu ya alichokuwa akipata kwa vitanda na milango. Wilfrido ndiye anayefunga nyaya na kurekebisha sauti, na hakuna samani inayotoka uani kabla hajaikalia, hajaigonga na kuikosoa.

"Ananisumbua," Nohemí anasema. "Kila asubuhi ananisumbua. Namshukuru Mungu kwa hilo."

Nilipomuuliza Wilfrido kama anaikumbuka El Aguacero, alitazama kikombe chake. "Ilikuwa nzuri," alisema. "Lakini haikuwa inajua kupika."

Mpango wa Nohemí sasa haumlengi mteja yeyote. Anataka kutengeneza benchi kwa ajili ya chumba cha kusubiri cha kliniki alikotibiwa, benchi lenye besi ndani na muziki wa taratibu, na kulitoa bure. Muuguzi mkuu amekubali, mradi sauti isifike wodini.

"Pale nilikaa saa nyingi nikisikia feni tu," anasema. "Mwili ukiwa umechoka hivyo, masikio hayataki kelele. Lakini mgongo ukisikia muziki, unakumbuka kwamba bado uko hai."

Wilfrido anataka kuchagua wimbo wa kwanza. Nohemí amekataa, kwa sababu anaujua: wagonjwa watainuka wacheze na dripu zao.

Anainama, anachora benchi kwenye kipande cha ubao. Mumewe anatazama mchoro na kusema ni refu mno; wagonjwa wanaoingia kwa zamu moja ni watatu tu.

"Nimechora la watu sita," Nohemí anamwambia bila kuinua kichwa. "Kila mgonjwa na mtu aliyemsindikiza. Wewe miezi yote ile ulikuwa unanisubiri umesimama."